Nishani aliyoitia mfukoni

Jioni moja mwanzoni mwa miaka ya 1950, baada ya karamu ya chuo cha King's pale Cambridge, mwanafunzi mgeni alikutanishwa na mwalimu wa historia. Kijana alikuwa ndiyo kwanza ametoka jeshini, na kifuani alikuwa amebandika nishani. Mwalimu akaitazama, akauliza ni ya nini. Kijana akaeleza kuwa ni ya utumishi vitani huko Malaya, sehemu ya Malaysia ya leo. Mwalimu akarudi nyuma kidogo, akamwangalia upya, kisha akamwambia kwa ukali, lakini bila kugomba, kwamba angepaswa kuona haya kuivaa.

Kijana hakujibu kitu. Alishuka ngazi gizani, akatoka nje. Mvua ilikuwa inanyunya. Akauzunguka ua mkubwa wa chuo mara mbili huku analia, mwanzo kwa fedheha na hasira, halafu, taratibu, kwa mawazo ya namna nyingine. Mwisho akaibandua nishani, akaitia mfukoni. Hakuivaa tena.

Mwalimu yule alikuwa Eric Hobsbawm, ambaye baadaye angekuwa mmoja wa wanahistoria wanaosomwa zaidi duniani. Kijana alikuwa Neal Ascherson, baadaye mwandishi wa habari wa Uskoti, na kisa hiki alikisimulia mwenyewe uzeeni. Wengi wakikisoma wanakichukua kama kisa cha mwalimu mkali wa Kikomunisti aliyemtoa machozi mwanafunzi. Mimi nakiona ndiyo barua yake ya ajira. Miaka zaidi ya sitini ya uandishi wa siasa iliyofuata, kuanzia Kongo ya Leopold hadi kiwanda cha meli cha Gdańsk, Poland, na kura za Uskoti, ilianzia kwenye ua ule wenye giza.

Tumezoea kuambiwa kwamba mwanahistoria akiingia magazetini analeta kina. Anayajua yaliyopita, kwa hiyo ataona yajayo. Siamini sana. Kujua yaliyopita ni kazi ya maktaba, na wale wachambuzi wetu wa runinga wanaofananisha kila uchaguzi na mwaka 1992, na kila mgomo na maasi ya wanajeshi ya 1964, hawajawahi kuniongezea chochote isipokuwa usingizi. Ascherson alikuwa na kitu kingine. Alijua kwamba jina lake limo kwenye faili. Alikwenda vitani, akalipwa mshahara, akapewa nishani. Kila alikokwenda baadaye na daftari lake alikwenda kama mtu aliyewahi kusimama upande fulani wa bunduki, na ambaye mtu mwingine alimlazimisha kukiri hivyo mapema, kabla hajazoea kujitetea.

Alizaliwa Edinburgh mwaka 1932, mtoto wa ofisa wa jeshi la majini, akasoma Eton kwa ufadhili. Kisha akaenda jeshini kwa mujibu wa sheria, katika kikosi cha Royal Marines, mwaka 1951 na 1952, kwenye misitu ya Malaya. Tangu 1948 Waingereza walikuwa wakipigana huko na waasi wa Kikomunisti, na vita hivyo hawakutaka kuviita vita. Waliviita Hali ya Hatari. Karibu watu nusu milioni, wengi wao Wachina waliokuwa wakilima pembezoni mwa msitu, walihamishwa na kuwekwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa seng'enge ili waasi wakose chakula. Pale Batang Kali, Desemba 1948, askari wa Kiingereza walikuwa wameshawaua wanavijiji 24 ambao hawakuwa na silaha.

Ascherson aliondoka Malaya mwaka 1952. Tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo, Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya. Jina lilelile. Miaka miwili baadaye seng'enge ilianza kuzungushwa Nyeri, Murang'a na Kiambu, na zaidi ya watu milioni moja wakasukumwa kwenye vijiji vya lazima, kila kijiji na handaki lake na lango lake na askari wake wa Home Guard. Kwa hiyo Hobsbawm alipomwambia kijana yule aone haya, hakuwa anazungumzia nchi moja ya mbali. Mtambo uleule ulikuwa njiani kuja kwetu.

Baada ya masomo, Hobsbawm alikuja kusema kwamba huenda huyu ndiye mwanafunzi wake mwenye kipaji kuliko wote, na kwamba hakumfundisha mengi, alimwacha tu aendelee. Milango ya kufundisha chuo kikuu ilikuwa wazi. Akaikataa. Lakini kabla ya kuingia gazetini alipita kwetu: mwaka 1955 na 1956 alikuwa Kampala, katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere, iliyokuwa chini ya mwanaanthropolojia Audrey Richards. Ulikuwa wakati wa moto. Gavana Andrew Cohen alikuwa amempakia Kabaka Mutesa wa Pili kwenye ndege na kumpeleka uhamishoni Uingereza Novemba 1953, na Oktoba 1955 serikali ileile ikalazimika kumrudisha huku Buganda yote imejaa barabarani. Kwa mtu aliyetoka kusoma historia ya dola kwenye vitabu, hapa palikuwa na dola inayomeza maneno yake mchana kweupe.

Mwaka 1956 akaajiriwa Manchester Guardian. Mwaka 1959 akahamia gazeti la nyumbani kwao, Scotsman, na 1960 akaingia Observer, ambako angekaa karibu miaka thelathini akiacha na kurudi. Siwachoshi na orodha ya vyeo. Yafaa tu kujua kwamba Observer ya wakati ule, chini ya mhariri David Astor, ilikuwa imepinga wazi uvamizi wa 1956 wa Uingereza na wenzake kwenye mfereji wa Suez, Misri, na kupoteza baadhi ya wasomaji na matangazo kwa ajili hiyo. Ni chumba cha habari ambacho mtu mwenye nishani mfukoni angeweza kupumua.

Tufike Kongo, maana hapo ndipo ninapomwona mwanahistoria na mwandishi wa habari wakifanya kazi kwa mkono mmoja.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1963. Kinamhusu Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na kichwa chake kinamwita mfalme aliyesajiliwa kama kampuni. Tazama mwaka. Kongo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache tu baadaye jeshi likaasi, Katanga ikajitenga, na Patrice Lumumba akauawa Januari 17, 1961. Magazeti ya Ulaya yalijaa picha za machafuko, na yaliandika neno hilo kana kwamba ni mmea unaoota wenyewe katika ile ardhi. Mwandishi mwingine angepanda ndege kwenda kuongeza picha moja zaidi. Ascherson alikwenda kwenye vitabu vya hesabu.

Alichokionyesha ni kwamba Leopold, ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja, hafahamiki vizuri ukimsoma kama mfalme wala kama shetani. Anafahamika ukimsoma kama mfanyabiashara wa zama zake, zama za makampuni makubwa ya kuhodhi soko. Kwanza ilitangazwa kwamba ardhi yote isiyo na watu ni mali ya serikali, na "isiyo na watu" maana yake ilikuwa msitu wote ulio nje ya boma la kijiji. Kisha kilichoota kwenye ardhi hiyo, mpira na pembe zikiwemo, kikawa mali ya serikali pia. Mwanakijiji aliyemuuzia mpira mfanyabiashara mwingine akawa mwizi. Kodi ililipwa kwa kazi, na kazi ilikuwa kugema mpira. Sehemu kubwa ya nchi ikatengwa kwa siri kuwa milki ya mfalme binafsi, na fedha yake ikajenga majengo ya fahari Ubelgiji ambayo watalii wanapigia picha mpaka leo. Mikono iliyokatwa, ambayo ndiyo watu wengi wanaikumbuka, ilitokana na uhasibu: askari alitakiwa athibitishe kwamba risasi yake haikupotea bure.

Hilo la mwisho ndilo linalonikaa kichwani. Ukatili ule ulikuwa na risiti.

Na aliyeanza kuufichua alikuwa karani. Edmund Morel alifanya kazi katika kampuni ya meli ya Liverpool iliyokuwa na biashara ya Kongo, na bandarini Antwerp aliona meli zikiingia zimejaa mpira na pembe na zikirudi na bunduki na risasi. Hapakuwa na bidhaa za kulipia mpira ule. Akapiga hesabu, akaelewa, akaacha kazi, akaanzisha gazeti. Kila nikisoma kisa hiki nafikiria makarani wangapi kwenye bandari zetu wameona orodha za mizigo zisizolingana wakanyamaza kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba orodha ya mizigo ni habari.

Na sisi waswahili tumo humo, tusijitoe. Mwaka 1887 Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi wa Unguja, alikubali kuwa wali wa Leopold pale Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa kila mwezi. Yeye mwenyewe aliandika maisha yake kwa Kiswahili, bila kuona haya hata chembe, hesabu za pembe na za bunduki zikiwa zimekaa pamoja kwenye ukurasa. Ni moja ya nathari nzuri za kwanza za lugha yetu. Tunaisifu kwa lugha, na ni haki. Ila sijaona mara nyingi mtu akiandika gazetini kwetu kwamba Kiswahili kinachozungumzwa Kisangani kilifika huko kikiwa kimeshika bunduki. Hapo ndipo ninapomkumbuka kijana wa Cambridge. Kuandika juu ya ubaya wa Leopold ni rahisi kwa Mskoti na kwa Mswahili pia. Kazi ni kumweka mtu wa kwenu kwenye ukurasa huohuo.

Leopold alipolazimishwa kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908, nyaraka za dola yake zilichomwa, na inasimuliwa kwamba tanuri ziliwaka Brussels kwa siku nane. Mtu anaweza kusema ni tabia ya mfalme mmoja mchoyo. Lakini mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau wakiishtaki serikali ya Uingereza mjini London, serikali hiyo ililazimika kukiri kwamba ina faili zipatazo 8,800 kutoka makoloni 37 zilizofichwa katika jengo lenye ulinzi, Hanslope Park. Faili za Kenya zilikuwemo, na za Malaya pia. Nyingine nyingi zilikuwa zimeshachomwa au kutoswa baharini kabla ya bendera kushushwa. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa wazee 5,228. Kijana aliyelia uani alikuwa sahihi miaka sitini kabla ya faili kufunguliwa, na hakuhitaji faili. Alikuwepo.

Nitoke nje ya mstari kidogo. Zamani nilifanya kazi katika gazeti moja ambalo sitalitaja. Lilikuwa na chumba cha vipande vya magazeti, kila kipande kimekatwa kwa mkasi na kubandikwa kwenye karatasi ya kaki, kwa majina: wabunge, vijiji, viwanda, kesi. Mzee aliyekitunza alikuwa akikuuliza kwanza unaandika nini, kisha anakuletea jalada ambalo hukuliomba, na ndilo unalolihitaji. Siku moja tulifika kazini tukakuta magunia kwenye korido. Chumba kilitakiwa kiwe studio. Magunia yaliuzwa kwa kilo, na miezi michache baadaye nilinunua karanga zilizofungwa kwenye karatasi ya kaki yenye mwandiko wa yule mzee. Hatukuhitaji tanuri la siku nane. Tangu siku hiyo mtu mwenye shahada ya historia kwenye chumba kile aliitwa mara mbili kwa mwaka: "Wewe si mtu wa historia? Hebu tuandikie kitu cha Desemba 9."

Sasa Gdańsk. Ascherson alikuwa akiripoti Ulaya ya Kati na Mashariki tangu miaka ya 1960, kwanza akiwa na makazi Ujerumani. Agosti 1980 alikuwepo ndani ya kiwanda cha meli cha Lenin. Mgomo ulikuwa umeanza tarehe 14, baada ya kufukuzwa kazi Anna Walentynowicz, mama aliyekuwa akiendesha kreni na ambaye alibakiza miezi michache tu kabla ya kustaafu. Fundi umeme aliyewahi kufukuzwa, Lech Wałęsa, akaruka ukuta kuingia ndani. Wafanyakazi wakaandika madai 21 kwa rangi kwenye mbao mbili za plaiwudi, wakazitundika langoni. Mbao zile zipo mpaka leo. UNESCO imeziingiza kwenye kumbukumbu za dunia. Mazungumzo na serikali yalirushwa kwa vipaza sauti ili umati ulio uani na nje ya lango usikie kila neno, na waziri akijaribu kuzunguka swali alisikika akizunguka.

Waandishi wengi walifika wakiwa na hadithi ya nyama tayari mkononi. Bei ya nyama ilikuwa imepandishwa Julai, watu wakagoma, basi. Si uongo. Lakini katika madai ya mwanzo kabisa ya wafanyakazi wale, sambamba na kurudishwa kazini kwa Walentynowicz na nyongeza ya mshahara, palikuwa na dai la mnara. Walitaka mnara langoni kwa ajili ya wenzao waliopigwa risasi Desemba 1970, wakati bei ilipopandishwa kabla ya Krismasi na jeshi likawaua watu zaidi ya 40 kwenye miji ya pwani. Kwa miaka kumi chama tawala cha Kikomunisti kilikuwa kimekataa hata maua kuwekwa pale.

Mtu aliyefundishwa kuangalia mishahara tu angelipita dai hilo kama pambo. Mwanahistoria analisimamia, maana ndilo linaloeleza kwa nini mgomo huu haukutoka barabarani kama ule wa 1970. Wafanyakazi walikuwa wamejifunza kwa wafu wao kwamba ukitoka nje ya lango unauawa, hivyo walijifungia ndani na kungoja serikali iwafuate. Makubaliano yalitiwa saini Agosti 31, na chama huru cha wafanyakazi, Solidarność, kikazaliwa. Mnara, misalaba mitatu yenye urefu wa meta 42, ulizinduliwa Desemba hiyohiyo. Ascherson alitoa kitabu chake cha Agosti ile mwaka uliofuata, akaanzia mbali, kwenye migomo ya 1956, 1970 na 1976, hata msomaji akifika langoni anakuta analifahamu.

Hapa naanza kutofautiana naye. Mtu aliyeona wafanyakazi wakidai mnara kabla ya mkate ana haki ya kuipenda kumbukumbu ya watu. Ila kumbukumbu haina chama. Mwaka 2018 serikali iliyokuwepo Warsaw ilipitisha sheria iliyotishia kifungo kwa yeyote atakayelihusisha taifa la Poland na uhalifu wa Wanazi, na ilibidi ndani ya miezi michache iondoe adhabu ya jela baada ya kelele za dunia. Wengi waliopiga kura ile walikua chini ya kivuli cha mnara wa Gdańsk. Ukiwafundisha watu kwamba historia ni mali yao iliyoibwa, siku wakiipata wanaifungia kabatini. Kwetu pia tunalijua hilo: kila chama tawala kina toleo lake la harakati za uhuru, na toleo hilo lina majina machache kuliko picha za zamani.

Kosa hilo lilimfuata mpaka nyumbani. Mwaka 1975 alirudi Scotsman kuandika siasa za Uskoti wakati wa mjadala wa kuipa nchi hiyo bunge lake. Kura ya maoni ilipigwa tarehe 1 Machi 1979. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 51.6. Wakashindwa. George Cunningham, Mskoti mwenyewe lakini mbunge wa Islington, London, alikuwa amechomeka kifungu kinachotaka ndiyo zifike asilimia 40 ya wote walioandikishwa, waliojitokeza na wasiojitokeza. Zilifika 32.9. Kwa hesabu hiyo aliyebaki kitandani alihesabiwa hapana, na watu wakasema hata marehemu ambaye jina lake halijafutwa daftarini naye alihesabiwa hapana. Nimeripoti chaguzi ambazo marehemu walipiga kura, lakini ile ya Uskoti ndiyo pekee niijuayo ambapo ilisemwa walipigishwa kwa mujibu wa sheria.

Baada ya hapo Ascherson aliacha kutazama kwa mbali. Mwaka 1997, kabla ya kura ya pili, alipanda basi dogo pamoja na waandishi na wanamuziki, wakazunguka miji na vijiji vya Uskoti. Hawakwenda kuhutubia. Walikwenda kuuliza watu wanataka nchi ya namna gani, kisha wakae wasikilize. Kura ilipopigwa Septemba 11, asilimia 74.3 walisema ndiyo. Mwaka 1999, bunge lilipoanzishwa, aligombea kiti cha West Renfrewshire kwa tiketi ya Liberal Democrats, akashindwa. Mwaka 2014 aliunga mkono uhuru kamili, na safari hiyo asilimia 55.3 wakakataa.

Sioni ajabu mwandishi kuwa na upande. Kinachonisumbua ni fomu ya ugombea. Basi lile la 1997 lilikuwa kazi yake hasa: mwanahistoria anayekusanya ushahidi kabla tukio halijawa historia. Fomu ilikuwa kazi ya mtu mwingine. Tunao wengi kwetu waliovuka mstari huo, waliotoka kwenye meza ya mhariri kwenda bungeni au kwenye kurugenzi ya mawasiliano ya ikulu, na wachache mno waliorudi na sauti yao. Ascherson alibahatika kushindwa. Wapiga kura wa West Renfrewshire waliturudishia mwandishi, na sidhani kama kuna aliyewashukuru.

Kazi yake iliyo bora kuliko zote kwangu ni kitabu cha Bahari Nyeusi, kilichotoka 1995, na sababu ni kwamba humo anajikosoa bila kutangaza kwamba anajikosoa. Mwandishi aliyezipenda Poland na Uskoti anakwenda kwenye pwani ambako kila taifa limetengenezwa juu ya mabaki ya jingine, Wagiriki, Waskithia, Watatari, Wakosaki, na ambako hakuna aliye mwenyeji ukichimba vya kutosha. Ametenga kurasa kwa Walazi, watu wa pembe ya kaskazini mashariki ya Uturuki ambao lugha yao haikuwa na maandishi, na kwa msomi wa Kijerumani aliyekaa kijijini kwake, Msitu Mweusi, akiwatungia alfabeti. Je, huko ni kuokoa watu au ni kuwaumba? Anakiri kwamba alfabeti ikishapatikana itafuata kamusi, kisha historia, kisha mashujaa, kisha, huenda, bunduki. Hata hivyo hawezi kumwambia yule msomi aache. Nimezisoma kurasa hizo nikifikiria ule mkutano wa lugha wa mwaka 1928 ulioketi Mombasa na kuamua kwamba Kiswahili sanifu kitafuata Kiunguja, na Kimvita, chenye tenzi zake za karne nzima, kikaambiwa kisubiri nje. Tunayo lugha ya taifa kwa sababu ya meza ile. Mombasa bado wanaikumbuka.

Kitabu hicho kina sare nyingine tena ndani yake, na safari hii si yake. Machi 1920 jeshi la Urusi lililoitwa la Weupe, lililoshindwa, waliokuwa wakipigania utawala wa zamani, lilibanwa gatini Novorossiysk, maelfu wakigombea meli, farasi wakiachwa ufukweni. Kwenye manowari ya Kiingereza iliyokuwa imetia nanga hapo, kijana mwanafunzi wa unahodha alikuwa akitazama. Ni baba yake Ascherson. Kwa hiyo hata pwani hii ya mbali haikuwa ya watu wengine. Familia ilishafika, kwa meli ya kivita.

Agosti 1991 Ascherson alikuwa Krimea na kundi la mabingwa wa historia ya Bizanti, dola la Kirumi la mashariki, watu wanaoweza kukutajia siku ambayo maliki fulani alipinduliwa miaka elfu iliyopita. Usiku mmoja basi lao lilikuwa likirudi Yalta kwa barabara ya pwani, watu wamechoka, wengine wanasinzia. Wakapita njia panda inayoshuka Foros. Palikuwa na taa na magari mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu saa ile. Huko chini, kwenye nyumba ya mapumziko, Mikhail Gorbachev, rais wa Urusi ya Kisovieti, alikuwa ameshakatiwa simu. Asubuhi ndipo wakasikia kwamba kuna mapinduzi.

Basi zima la wanahistoria lilikuwa limepita mlangoni mwa mwisho wa dola la Urusi ya Kisovieti, na hakuna aliyeomba dereva asimame. Ascherson angeweza kuandika kwamba moyo ulimwambia kuna jambo. Mwandishi gani angemkatalia? Aliandika kwamba aliona taa, na basi likaendelea na safari.